Machozi ya Mgeni Maabara

Katika chumba kile cha maabara ya hospitali, mgeni alijulikana kwa machozi. Kazi ya mafundi wa humo ilikuwa kukata vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, vikahifadhiwa kwenye fomalini visioze, na dawa hiyo, bwana, haina adabu. Unafungua kifuniko tu, imeshakupanda puani, macho yanachuruzika. Dirisha lilizibwa na friji, na feni ya kutoa hewa ilikufa ikasahaulika. Basi wenyeji hucheka mbavu hawana: unamlilia nani, na marehemu humjui? Siku macho yako yakikauka, wanakupigia makofi. Umekuwa mwenyeji.

Mchezo huo wa makofi aliuanzisha Kisu, fundi wao mkongwe, aliyepewa jina hilo kwa kukata nyama nyembamba kama ganda la kitunguu. Barakoa aliiita pambo la waoga. Nyumbani alijigamba kwamba pua yake imekomaa. Imekomaa wapi! Siku moja sufuria liliungua jikoni, yeye kakaa hapo hapo na redio yake, hana habari, mpaka mkewe akaja mbio kutoka uani. Siku hiyo walicheka sana, Mungu awasamehe.

Baadaye pua ikaanza kutoa damu. Daktari akakuta uvimbe nyuma yake, wa ile aina mbaya. Alimuuliza anafanya kazi gani, kisha akasema hawezi kuapa, lakini fomalini inajulikana kwa madhara hayo kwa mtu aliyeivuta miaka mingi.

Kisu hakujililia. Kilichomkata maini ni kitinda mimba wake, binti aliyeanza kazi mle mle, kwenye meza ile ile, na ni yeye baba mtu aliyempigia mkuu wa maabara magoti ili amchukue. Akamsihi aache. Binti akamjibu kwa upole kwamba kazi haziokotwi barabarani, na baba akiwa kitandani, nani atalisha nyumba?

Kisu akaanza kumtafutia pa kwenda. Jamaa yake mwenye duka la dawa alimwambia avute subira, nafasi itapatikana mwezi ujao. Mwezi mzima! Kila jioni akawa anamuuliza binti, sauti ikitoka kwa taabu, kama leo amelia. Akiona macho mekundu, moyo unatulia, kwani maadamu analia, pua yake bado inakataa. Hebu fikiria, mzazi anaomba mwanawe alie.

Jioni moja binti akaingia bado na koti jeupe la kazini, uso umechangamka.

"Umelia leo, mama?" Kisu akamuuliza.

"Hata chozi moja, baba. Leo wamenipigia makofi."

Kisu akamshika mkono, akaung'ang'ania. Wakati huo mkewe alitokea jikoni, kiganja puani, akamwambia binti avue koti hilo alitoe nje upesi, maana nyumba nzima inanuka.

Binti akauinua mkono wa koti, akaunusa. Akaunusa tena, akacheka, akamsogezea baba yake usoni.

"Mama naye. Mbona halinuki? Hebu nusa, baba."