Neno Nililoongeza Wakati Kompyuta Inawaka

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa karani wa usharika mmoja karibu na Ilula. Kompyuta alijifunza uzeeni, kwa vidole viwili, na kila jioni aliizima na kuifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Majina ya watoto wa kipaimara, ratiba za ibada, barua za washarika wanaohama, vyote vilipita mikononi mwake. Aliringia kazi ile kuliko shamba lake la nyanya.

Nilikuwa nasoma mambo hayohayo ya kompyuta chuoni Mbeya. Likizo moja, siku ya Jumamosi, akanipigia: mashine imejisasisha jana, leo kioo ni cheusi. Nikaenda. Wazee watatu wa kanisa walikuja kushuhudia, wakaketi kwenye benchi nyuma yangu, wamepakata kofia zao.

Tatizo nililijua. Niliiwasha upya, nikaisimamisha kwenye ile orodha inayotokea kabla mfumo haujaanza, nikabonyeza herufi ya kuhariri, nikaongeza neno moja mwishoni mwa mstari wa kuwashia. Neno hilo huiambia mashine ionyeshe picha kwa njia ya kawaida, isijitie ufundi. Kioo kikawaka. Mama mkubwa alipiga vigelegele mle ofisini.

Ila neno linaloandikwa mahali pale hufanya kazi kwa safari hiyo moja tu. Ukizima, limekwenda. Ili libaki, unaliandika kwenye faili la mipangilio, kisha unatoa amri ya kuyahifadhi mabadiliko, na amri yenyewe sikuikumbuka. Bando la simu lilikuwa limeisha. Ningeweza kusema, "Wazee wangu, nimeiamsha kwa leo tu, naomba isizimwe mpaka nikaulize." Ni sentensi moja. Lakini mzee kiongozi alikuwa ameshauliza, "Sasa fundi, imepona, au tumwite yule wa Iringa mjini?"

Huyo wa Iringa mjini ndiye aliyeniponza.

"Imepona kabisa," nikasema.

Kesho yake kanisani mama mkubwa alitoa sadaka ya shukrani, jogoo na tenga la nyanya, akaniita nisimame naye mbele. Mchungaji akaniombea. Watu wakapiga makofi, na baada ya ibada jogoo wangu akanadiwa nje kwa vicheko, kila mtu akimtaja kama jogoo wa fundi. Mimi nilikuwa nafikiria mashine iliyozimwa jana yake jioni, na funguo za ofisi. Zilikuwa kibindoni mwa mama mkubwa, na nikiziomba lazima nieleze za nini. Sikuziomba. Mchana huohuo nilipanda basi la Mbeya, na nilipoketi nilisikia nafuu. Naona haya kuiandika hiyo nafuu.

Jumatatu asubuhi alipiga simu. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, nimeiharibu. Sijui nimegusa nini."

Nyuma yake nikamsikia mzee kiongozi: "Muulize, kosa ni la kwake au la kwako?"

Hakurudia swali. Alijua nimelisikia. Nikajibu kwa upole, kama daktari, "Labda ulibonyeza kitu, mama."

"Labda," akasema.

Nilirudi baada ya wiki tatu na ile amri kwenye karatasi. Kazi haikuchukua hata dakika kumi. Nikaizima na kuiwasha mara nne, haikusumbua tena. Kwenye kiti chake alikaa mwalimu mmoja mstaafu, na kitambaa hakikuwepo. "Tulimpumzisha," mzee kiongozi akaniambia. "Hatumlaumu, ni mikono ya uzee." Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, mkononi kabisa. Nikasema, "Ndiyo, hizi mashine zinataka uangalifu."

Mwaka jana, wakati wa kuvuna, nilimweleza yote. Tulikuwa shambani kwake, tunachambua nyanya za kupeleka barabarani. Nilieleza lile neno, nikaeleza kwamba linafutika mashine ikizimwa, kwamba hata angeizima malaika matokeo yangekuwa yaleyale, na kwamba nilijua hayo yote tangu siku ile. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Asante, mwanangu," akasema. "Una moyo mzuri. Lakini usijitwike kosa langu kwa sababu unanionea huruma."

Nikaapa. Akacheka, akanifuta vumbi shavuni kwa upande wa kanga yake. "Ungekuwa umejua, ungeniacha niaibike mbele ya wazee wale? Wewe? Nakujua, nimekulea."

Ataniamini siku ile tu nitakapoyasema mbele ya wazee walewale, yeye akiwa ameketi anasikia. Jumapili zimepita nyingi tangu hapo. Ibada nahudhuria palepale usharikani, na yanapokwisha matangazo mchungaji huuliza kama kuna mwenye neno.