Tulihamia Msambweni kumfuata baba, tukaambiwa Lidimba hayupo tena

Wakuu, salaam kwenu nyote. Walionizidi umri kama mpo humu, shikamooni, ingawa nashuku wengi wenu ni wa rika la wajukuu zangu.

Nasoma humu siku nyingi bila kuandika. Juzi nikaona kijana anasimulia alivyohamia Kanada na mkewe na watoto. Baridi, chakula kisicho na ladha, majirani wasiosalimiana. Nikacheka peke yangu sebuleni.

Nikasema na mimi niandike ya kwetu. Sisi pia tulihama nchi kifamilia, ila hatukupanda ndege. Tulitoka Msumbiji kwa miguu na malori mpaka kusini mwa pwani ya Kenya.

Sitatia chumvi. Niliyoyaona mwenyewe nitasema ni yangu, na niliyosimuliwa na mama nitasema ni ya mama.

Mimi ni Mmakonde. Nilizaliwa kule juu kwenye uwanda wetu, wakati huo ikiwa nchi ya Mreno. Tulipohama, Tanganyika ilikuwa imeshajitawala na Kenya ilikuwa inakaribia. Nilikuwa na umri wa mtoto anayeweza kubeba mdogo wake mgongoni lakini bado anaogopa ng'ombe.

Baba yangu aliitwa Lidimba. Alitangulia Kenya kukata mkonge, nikiwa mdogo kiasi kwamba nilimkumbuka kwa kikohozi chake tu. Nyumbani hakuna aliyejua kusoma, kwa hiyo habari zake zilikuja kwa mdomo. Mtu akirudi anasema: mzima, anawasalimu, anataka mumfuate.

Halafu salamu zikakatika kabisa.

Mama yangu, Marieta, hakuwa mtu wa kungoja. Alifunga vitu vyake, akanichukua mimi, Roza, na mdogo wangu Anjelo, tukateremka kwenda Ruvuma na watu wengine waliokuwa wanahama. Safari sitaisimulia yote, itawachosha. Tulivuka mto, tukapanda malori, tukasimama mahali mama akilima mashamba ya watu tupate chakula, tukaendelea. Nilijifunza Kiswahili njiani.

Mpaka wenyewe sikuuona. Hadi leo watu wakisema "mpaka" nakumbuka kichaka, mbuzi, na mwanamume mmoja wa kijiji cha Jego aliyetuuliza, "Mwatoka wapi, mwaenda wapi?" Mama akamjibu. Akasema, "Haya, mwaingia Kenya basi. Karibuni." Akatupa mihogo ya kuchemsha. Huyo ndiye Mkenya wangu wa kwanza.

Tukafika kwenye shamba la mkonge baba alikokuwa. Kambi ya vibarua ilijaa Wamakonde. Nilifurahi kusikia lugha yetu, nikadhani tumerudi nyumbani kwa njia nyingine.

Mama akamuuliza mama mmoja aliyekuwa anatwanga. "Namtafuta Lidimba."

Yule mama akaacha mchi. "Wewe ni nani wake?"

"Mkewe."

"Pole, dada. Lidimba hayupo tena."

Wakuu, mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Akafungua kitambaa alichojifunga kichwani. Kwetu mwanamke akifungua kitambaa namna ile unajua kinachofuata ni kilio cha msiba. Anjelo akaanza kulia kwa sababu mama amekaa chini. Mimi sikulia. Nilikuwa najaribu kukumbuka kikohozi, naona aibu kwamba sina kingine cha kukumbuka.

Yule mama akashtuka. "La, la, hajafa. Yuko mzima, yuko Msambweni. Ila jina hilo hana tena. Amesilimu, anaitwa Bakari. Anakaa kwa Wadigo, anatengeneza vitanda."

Mama akafunga kitambaa chake taratibu. Akauliza njia.

Hebu fikirini hapo. Umemlilia mumeo nusu, machozi hayajakauka, kisha unaambiwa yuko hai lakini ni mtu mwingine. Mama aliniambia baadaye kwamba njia nzima ya kwenda Msambweni hakujua ashukuru au akasirike, kwa hiyo alitazama minazi tu.

Tulielekezwa kwenye nyumba ya makuti iliyofagiliwa mpaka uwanja wake unang'aa. Akatoka mwanamke.

Najua mnawaza nini. Mama naye aliwaza hivyo hivyo. Lakini alipokuja karibu tukaona ni mtu mzima, umri wa nyanya yetu. Aliitwa Bi Mejumaa, mjane, mwenye nyumba. Baba alikuwa amepanga chumba cha uani.

Bi Mejumaa alimtazama mama usoni kwa muda. Mama yangu alikuwa na chale uso mzima na ndonya kwenye mdomo wa juu, kile kipande cha mti wanachovaa wanawake wetu. Pale kijijini hawakuwa wamezoea.

"Mwanangu," Bi Mejumaa akauliza, "hicho hakikuumi?"

Mama akamtazama na yeye. Masikio ya yule bibi yalikuwa yametobolewa matundu makubwa, ndani yake mna majasi ya rangi, mviringo kama vifuniko.

"Na hayo yako, hayakuumi?"

Wakatazamana tena, kisha Bi Mejumaa akacheka mpaka akashika ukuta. Akatuletea maji ya kunywa, akatandika mkeka.

Hapo nitoke nje ya mada kidogo. Kilichomshangaza mama kuliko vyote Kenya hakikuwa bahari. Kilikuwa kisima. Kwetu juu maji hakuna, wanawake wanateremka bondeni kuyafuata, na ukirudi na mtungi nusu siku imekwisha. Hapa kisima kiko uani. Mama alichota, akajaza mtungi. Akajaza sufuria. Akajaza karai, akajaza kila kilichokuwa na tumbo. Bi Mejumaa akamwambia, "Mwanangu, hayaendi popote." Mama akasema anajua. Akachota tena.

Baba akaja alasiri akitoka msikitini. Kanzu, kofia, ndevu fupi. Anjelo akajificha nyuma yangu.

Akasimama mlangoni mwa uwanja. Akakohoa. Hapo ndipo nikajua ni yeye.

"Mama Roza," akasema.

Mama alikuwa ameshika kamba ya kisima. Hakuiachia. "Niambie kilichotokea."

Baba akaeleza pale pale, amesimama, watoto wa jirani wakichungulia. Kwamba aliugua sana kambini, wenzake wakakata tamaa. Mume wa Bi Mejumaa, fundi wa vitanda, alikuwa amekwenda kambini kuuza vitanda, akamwona, akambeba kwa mkokoteni hadi nyumbani kwake. Wakamuuguza. Alipopona akabaki, akafundishwa ufundi. Mzee yule akafariki baadaye. Na dini aliingia mwenyewe, hakuna aliyemshurutisha.

"Na salamu?" mama akauliza.

"Nilishindwa. Kila aliyekuwa anarudi nilitaka kumwambia, nikaona haya ni maneno ya kusema mwenyewe. Nikawa nangoja nije. Sikuja."

Mama akasema maneno ambayo sijayasahau, na hakuyasema kwa hasira.

"Mimi niliolewa na Lidimba. Huyu Bakari simjui. Nitakaa na watoto chumbani kwa huyu mama mpaka nimjue."

Baba akasema, "Sawa."

Basi tukaanza maisha ya ajabu. Baba yuko chumba cha uani, sisi tuko ndani kwa Bi Mejumaa. Asubuhi baba anapita na kusalimia kama mgeni. Analeta samaki, unga, nazi. Mama anapokea, anashukuru, anarudi kazini. Kisha anakaa barazani akisuka ukili wa mikeka aliofundishwa na Bi Mejumaa, huku anamtazama baba akichonga matendegu, ile miguu ya vitanda. Anamtazama kweli, kama mtu anayetazama shamba kabla ya kulinunua.

Na mimi nilikuwa natazama kila kitu. Nilitazama jinsi baba anavyotawadha, anaanza mkono upi, kwa nini miguu anaiosha mwisho. Nilitazama wanawake wanavyofunga leso. Nilionja wali wa nazi nikadhani ni chakula cha sherehe, nikauliza nani anaolewa. Kijiji kizima kilicheka kwa swali hilo, na nadhani liliwatia watu wazo.

Wanawake nao walikuja kututazama. Wengine walikuja na kisingizio cha kuomba chumvi. Wako waliosema huyo Mmawia, ndivyo walivyotuita, atamrudisha Bakari kwenye ukafiri. Yalitufikia.

Sasa likatokea la panya.

Nyie wa mjini msishike pua. Kwetu panya wa shambani ni kitoweo, tena kitamu. Anjelo alitega mtego nyuma ya shamba la mihogo, akaja ameshika panya mnono kwa mkia, anakimbia katikati ya kijiji anaita mama aone. Watoto wa madrasa wakamfuata nyuma.

Bi Mejumaa alimwambia mama, kwa upole, "Mwanangu, sisi hicho hatuli. Lakini mwanao ametafuta. Pikia kule nyuma, chungu utatumia chako."

Mama akapika. Harufu ikaenda kwa majirani wote. Wakaja kusimama nyuma ya ua, wanajifanya wanapita.

Baba alipofika, mama akapakua kwenye sahani, akamsogezea. "Kula, Lidimba."

Wakuu, nilikuwa mtoto lakini nilielewa. Akila, ameaibika mbele ya watu wa msikiti wake. Akiondoka, ametuaibisha sisi.

Baba akavuta kigoda, akakaa karibu na mama, magoti yao yanakaribia kugusana. Akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma ya ua waliisikia.

"Sili tena hicho, mama Roza. Dini yangu hainiruhusu. Lakini wewe kula na wanangu, nami nitakaa hapa mpaka mmalize."

Akakaa. Alituuliza mimi na Anjelo tumemkamataje, mtego tuliufunga vipi. Akamrekebisha Anjelo fundo. Mama akala taratibu, bila kuinua macho. Wale wa nyuma ya ua wakaondoka mmoja mmoja.

Siku ya pili mama alikuwa anakuna nazi na Bi Mejumaa, mimi nikipepeta mchele karibu yao. Akasema, "Lidimba angekula."

Bi Mejumaa akamuuliza, "Ungefurahi?"

"Angekula, kisha angekwenda kuwaambia wenzake kwamba hakula. Ndivyo alivyokuwa. Kila nililosema aliitika, halafu anafanya lake. Huyu ameniambia hapana usoni." Akaendelea kukuna. "Huyu naweza kuishi naye."

"Basi nimwite?"

"La. Aje anipose. Kwetu ni mbali, wewe ndiye mama yangu hapa."

Bi Mejumaa aliweka mbuzi ya nazi chini. Hakuwa amezaa mtoto wa kike. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akasema ni moshi, na jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Baba akatuma wazee wawili kama kijana anayeoa mara ya kwanza. Bi Mejumaa akawapokea kwa heshima zote. Mama alikuwa na masharti. Jina lake atabaki nalo, na imani yake ya Kikristo pia. Ndonya hatavua. Na sisi watoto tuachwe mpaka tukue tuchague wenyewe dini.

Jibu likarudi: yote amekubali, isipokuwa la watoto. Hilo aliomba alifikirie.

Mnajua mama alifanya nini? Alitabasamu. Akasema, "Mnaona? Haitikii tu."

Mwalimu wa madrasa aliulizwa, akasema kumuoa mwanamke wa Kitabu kunafaa, hana neno. Ikafanyika shughuli ndogo. Wanawake wale wale waliokuja kuomba chumvi ndio waliompaka mama hina, na mmoja wao akamuomba radhi kwa maneno aliyoyasema.

Jioni baba akaja mlangoni akabisha hodi kama mgeni.

Mama akajibu, "Karibu, Bakari."

Suala la watoto walibishana kwa miaka. Mwishowe Anjelo akafuata dini ya baba, mimi nikabaki na ya mama, na mezani kwetu hakuna aliyelazimishwa chungu. Kenya ilipopata uhuru tulicheza ngoma pamoja na watu wote, ingawa Wamakonde tulikaa muda mrefu bila kuhesabiwa kuwa wa nchi hii. Hiyo ni habari ndefu, na wanaoijua wanaijua.

Nimeandika haya kwa sababu vijana mnaohama leo mnaandika kuhusu nchi ngeni. Nchi utaizoea. Chakula utakizoea. Lakini kama mwenzio alitangulia, jua kwamba naye amegeuka, na wewe njiani umegeuka. Msirukie kitandani mkajifanya mnajuana. Kaeni barazani kidogo, mtazamane.

Baba alipofariki, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza mama: kati ya Lidimba na Bakari, ni yupi uliyempenda zaidi?

Alikuwa amekaa kitandani, kitanda alichochongewa na baba. Hakufikiri sana.

"Lidimba nilipewa na wazee," akasema. "Bakari nilimchagua mwenyewe."

Haya, mie nimemaliza, kidole kimechoka na simu hii. Kama wazazi wako walitoka mbali, au wewe mwenyewe umehama, niambie kitu cha kwanza ulichokitazama ukashangaa. Na mwenye swali la panya aulize bila haya, nitamjibu.