Mama na Vijana wa Muvi Wanaozimia

Mimi muvi siziwezi. Nikikaa kidogo tu mguu unaanza kutikisika wenyewe, naanza kuuliza huyu nani, yule kafanya nini, mpaka watu wananifukuza. Lakini kila Jumapili nilikuwa naacha biashara yangu ya mchele Kagongwa, nakwenda Nyahanga kumwona mama, na kwa mama Jumapili mchana ni muvi. Majirani wanakuja na nyungo zao, wanachambua mchele huku macho yako kwenye televisheni. Hiyo televisheni aliinunua kaka yetu siku alipobahatika dhahabu, kabla hajahamia machimbo ya mbali, huko Geita.

Mama ni Msukuma wa kijijini, Kiswahili kinampita. Sasa zile muvi za nje, ambazo kuna jamaa anatafsiri juu ya picha huku anaongea utadhani anakimbizwa, yeye haambulii kitu. Kwa hiyo mdogo wangu wa kike, anayeishi naye, alikuwa anakaa ubavuni pake kwenye mkeka na kumnong'oneza yote kwa Kisukuma. Majirani wenyewe wengi ni watu wa kuja, Kisukuma hawakijui. Jamaa anapayuka, mdogo wangu ananong'ona, majirani wanabishana. Nilikuwa natoka nje kuangalia kuku, narudi, natoka tena.

"Kaa chini wewe! Umekalia siafu?" mama ananigombeza.

Muvi ikiisha kila mtu anatoa hukumu yake. Jirani yetu muuza vitenge, mwanamke wa Tanga asiye na breki mdomoni, huwa anaanza yeye. "Mwanamke mjinga yule! Mume gani wa kumlilia vile?" Wengine wanamtetea, ungo unawekwa chini, mchele unasahauliwa. Mama naye alikuwa na hukumu yake, ileile kila wiki, na mdogo wangu anawatafsiria: vijana wa kwenye muvi hawali wakashiba, ndiyo maana wanazimia ovyo. "Mtu akila ugali wa udaga wa muhogo akashushia na maziwa mgando, atazimia saa ngapi?" Jamani, tulikuwa tunacheka. Tulijua mama anatania.

Jambo lingine la Jumapili ni simu. Kabla ya muvi mdogo wangu anatoka uani, anasema ndiko mtandao unakoshika, anampigia kaka. Tunamsikia anacheka huko peke yake. Anarudi na salamu: kaka mzima, mhola duhu, yaani salama tu, wamefika kwenye mwamba wenye dhahabu, ameshashuka shimoni. Mama akitaka kuongea naye, tayari ameshuka. Hata mimi nilikuwa naletewa zangu: "Kaka anasema dada mkubwa apunguze hasira, atazeeka haraka." Nilikuwa nanuna, ila salamu hizo nilizipenda kuliko mtu anavyodhani.

Jumapili ninayoikumbuka, muuza vitenge alikuwa na mgeni, mama mkwe wake, Msukuma wa huku huku Shinyanga aliyekaa sana mjini na Kiswahili anakinyoosha vizuri. Mama alifurahi kupata mtu wa rika lake. Wakaamkiana mpaka nikachoka kusikiliza, wakakaa bega kwa bega. Muvi ilikuwa ya kijana mmoja aliyeondoka kwao kwenda kumtafuta aliyemuua baba yake. Mwisho anapigwa risasi kwenye mvua, mama yake anampakata.

Ilipoisha, mama akatoa hukumu yake kwa Kisukuma, moja kwa moja kwa mgeni: "Umeona? Naye huyu kazimia. Hawashibi hawa."

Mgeni akamgeukia. "Kuzimia? Mwenzangu, yule si amekufa?"

"Hapana. Wamempeleka hospitali, wamemshona."

"Nani kasema? Amekufa. Mama yake alikuwa anamwomboleza pale."

Mama akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akaanza kumwuliza juu ya wale wa muvi za nyuma. Yule wa darajani? Yule wa kwenye treni? Mgeni hakuwaona hao, akamwuliza mkwewe kwa Kiswahili. Muuza vitenge, maskini, hakujua anakanyaga wapi. "Wote wamekufa, bibi! Muvi zile hazibakizi mtu!"

Njia ya mwongo ni fupi, nikawaza, na nilitaka kucheka. Lakini mdogo wangu alikuwa ameinamia ungo, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Mama alikuwa anamtazama yeye, hatazami televisheni tena.

"Na ile simu?" mama akamwuliza.

Nilimshika mdogo wangu mkono nikamvuta mpaka uani, na sikumvuta kwa upole.

"Kaka yuko wapi?"

"Sijui, dada." Akaanza kulia. "Simu yake haipatikani tangu kabla ya masika. Wenzake wanasema walisikia dhahabu imeonekana porini mahali pengine, akaondoka na wageni. Hawajui alikoelekea."

"Na kila Jumapili ulikuwa unacheka na nani?"

"Hakuna mtu."

"Na salamu zangu?"

"Nilijua ndivyo angesema," akanijibu.

Nilitaka kumpiga kibao, Mungu anisamehe. Nilizunguka ule uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia, nasema maneno hata siyakumbuki: unamdanganya mama mzima, mtu mzima anaambiwa ukweli, ukweli haumuui mtu! Nilikuwa bado nafoka nilipomwona mama mlangoni, ameshika simu ya mdogo wangu.

"Nipigieni," akasema.

Mdogo wangu akabonyeza. Mama akaiweka sikioni. Nilimwona anakunja uso akisikiliza, halafu uso ukafunguka.

"Kapokea mwanamke!" akasema. "Anaongea Kiswahili, tena kwa adabu. Anasema nini?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Mama akamnyooshea mkono. "Wewe nyamaza. Nataka aniambie dada yako."

Akanipa simu. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa, yule mwanamke alikuwa anasema, tafadhali jaribu tena baadaye. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Mama alikuwa ananitazama mdomoni, kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Anasema tujaribu tena baadaye, mayu."

Mama akaichukua simu, akaishika kwa mikono miwili, akairudisha sikioni.

"Haya, mwanangu," akamwambia yule mwanamke, kwa Kiswahili. "Asante."