Weupe wa Pwani Ndogo

Msabah Kificho alikuwa na kanuni moja ambayo kwa miaka sita hakuilegeza: hapitishi machimbo ya mawe mpaka ayatazame kutoka kila mahali ambapo wenye kijiji huyatazama.

Kazi hiyo aliianza baada ya Mapinduzi, wakati nyumba mpya zilipoanza kudai mawe na chokaa kuliko zamani. Machimbo yakitaka kuendelea, yeye hutumwa shamba, vijijini, kuangalia yatawaachia watu nini machoni: kilima kitabaki na sura gani, vumbi litatua wapi, shimo litaonekana kutoka mlango upi. Wapo waliokuwa wakiifanya kazi hiyo wakiwa wamekaa garini. Msabah alikaa kwenye baraza za watu. Kisimani alichutama, kwa sababu mchota maji huchutama. Upande wa Mkokotoni aliwahi kuomba ruhusa akajilaza kwenye kitanda cha kamba cha mzee aliyepooza, apate kujua dirishani mwake kutabaki nini. Wanywa kahawa wenzake wa Darajani, mjini, walimpa jina la Bwana Macho. Hakucheka nao. Aliyepewa dhamana ya kutazama kwa niaba ya wengine hana ruhusa ya kuchoka, na Msabah alilijua hilo.

Mwaka 1970 alipelekwa Pwani Ndogo, kijiji kilicho kaskazini ya Uroa. Nyuma ya nyumba palikuwa na mgongo wa mawe, na juu yake kichaka kizito, cheusi, ambacho hakuna aliyethubutu kukata kuni ndani yake kwa kuogopa mzimu. Machimbo yalikuwa yameshaula mgongo kutoka kusini. Sasa wachimbaji walitaka waendelee, wapite chini ya kichaka na kukimaliza. Ukuta walioukata ulisimama mrefu, mweupe kama sanda mpya, na mbuzi wa kijiji hawakukanyaga mbele yake ijapokuwa majani yalikuwepo.

Alipokuwa anashuka garini, muadhini aliadhini adhuhuri. Kila neno lilipokwisha lilirudi kutoka shimoni, polepole, kama mle ndani mna mtu anajifunza.

"Bwana Msabah," dereva wake Matar aliuliza, "mle mna watu?"

"Mna ukuta. Sauti inagonga, inarudi."

"Mbona inarudi nzito kuliko ilivyokwenda?"

Msabah alimwacha garini akashika njia. Alizunguka baraza zote, akaenda kisimani, akasimama mlangoni mwa msikiti. Kila mahali aliona yale aliyotarajia: weupe mwingi, kivuli kidogo, jambo la kuhuzunisha lakini si la kuzuia. Alikuwa anarudi garini pale kundi la wanawake lilipomkatia njia, wana mabeseni na mashuka ya kutandia, ya kuvulia dagaa kwenye maji madogo. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanakheri, mwanamke wa makamo ya mama yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tangu adhuhuri nnakuona unahama baraza hii na ile kama mtu anayetafuta mchumba."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Nnatazama, Bibi. Ndiyo kazi yangu."

"Hujatazama bado. Sisi kijiji chetu tunakitazama kutoka kule." Akanyoosha mkono baharini. Maji yalikuwa yamekupwa, na mchanga ulikwenda mbali mpaka ukachanganyika na mbingu. "Maji yakirudi, yanaanza kujaza mfereji ulio baina yetu na nchi kavu. Pa kuvukia ni mahali pamoja tu. Ukiuweka msikiti sawasawa chini ya kichaka, ukaja moja kwa moja, unapita na maji ya magoti. Ukikosea, yanakufika shingoni. Sasa kichaka kikikatwa, msikiti tutauweka chini ya nini?"

"Tumuweke huyu Bwana juu ya mgongo," alisema Wanu, binti yake, mwanamke mrefu mwenye mwanya, "tumvishe buibui asimame huko mpaka turudi."

Hata Matar alicheka, ameegemea gari. Bi Mwanakheri hakucheka.

"Pandisha suruali twende. Ukifika kule geuka utazame. Sitaki jengine kwako."

Msabah alitazama suruali yake, iliyopigwa pasi asubuhi ile, na viatu vyake. Aliona jinsi atakavyotota, akishikwa mkono na wanawake asiteleze, na Matar akienda kuihadithia Darajani nzima.

"Bibi, nna safari ndefu. Nishaelewa."

"Sijakwambia uelewe. Nimekwambia utazame."

Msabah alimpa mkono wa kwaheri, akapanda gari. Juma lile lile akapitisha machimbo yaendelee, akashauri ipandwe mivinje pembezoni. Mivinje haikupandwa. Kichaka kilikatwa kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Masika yaliyofuata Matar alimfuata nyumbani kwake, hakukaa alipokaribishwa. "Yule aliyetaka kukuvisha buibui," alisema, "amechukuliwa na maji."

Walikwenda kesho yake. Wanaume wa kijiji walimsimulia bila kumtazama usoni. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Wanawake walianza kurudi mapema, kwani tangu kichaka kuondoka walikuwa wanaogopa. Wanu alibaki nyuma kidogo kukusanya mashuka. Mvua ikashuka ghafla, ikamkata na wenzake. Waliofika pwani wakapiga kelele, na kijiji kizima kikatoka kumwita.

"Tulimwita, 'Wanuuu!'" alisema mmoja wao. "Akaitika, 'Naam!' Sauti yake, kila mtu aliitambua. Lakini ilitoka nyuma yetu. Ilitoka shimoni."

"Mkaenda?"

"Tukakimbia wote. Tulijua keshapanda, kajificha mvua mle. Tulipofika hamna mtu. Tukaita tena, akaitika tena, safari hii kutoka kila upande wa ukuta. Tukapekua mpaka nyuma ya mawe. Tuliporudi pwani, maji yalikuwa yameshajaa."

Msabah alianza kuwaeleza kwamba Wanu alikuwa baharini muda wote, kwamba ukuta ulichukua sauti yake na kuwarudishia. Alisema maneno mawili matatu, akaacha. Bi Mwanakheri alikuwa ameketi kizingitini, anamsikiliza.

"Niliwaambia mwanangu yuko majini," alisema. "Wakaniuliza, mbona anaitika kule? Na mimi nikasikia anaitika kule. Nikakimbia nao."

Kisha akainuka. "Maji yamekupwa. Utakuja leo?"

Msabah alivua viatu akaviacha pale pale. Walivuka mfereji, wakaenda mbali, matope yakimfika nusu ya miguu. Mvua ilikuwa imekwisha na jua limetoka kali. Bi Mwanakheri alisimama.

"Geuka."

Aligeuka. Mchanga mweupe ulikuwa umeshikana na kuta nyeupe za nyumba, na nyumba zimeshikana na ukuta mweupe wa machimbo, na ukuta umeshikana na mawingu. Hapakuwa na ukingo wala alama. Nchi aliyotoka sasa hivi haikuwepo.

"Nionyeshe msikiti," alisema Bi Mwanakheri.

Msabah alinyoosha kidole, akakishusha. Akanyoosha kwengine. Nyuma yake alisikia maji yanaanza kurudi, sauti ndogo kama watu wanaonong'ona. Halafu adhana ya alasiri ikaanza, na kabla neno la kwanza halijakwisha likaanza kurudi kwa sauti ya pili, na hakuweza kujua ipi kati ya sauti mbili zile aiendee. Bi Mwanakheri alimshika mkono na kumvuta, naye akafuata hali amefumba macho, kwa kuwa kuyafumbua kulimtisha zaidi.

Wanu alipatikana siku ya tatu, akazikwa upande wa kaskazini, mahali ambapo shimo halionekani. Msabah aliomba machimbo yasimamishwe. Hayakusimama, kwa sababu ruhusa ilikuwa imeshatoka na aliyeitoa ni yeye. Wanawake wa Pwani Ndogo waliacha kutanda wakati wa bamvua, na watoto wawili wa Wanu walilelewa na bibi yao. Msabah alikwepa kulowa suruali, na kukwepa huko kuligharimu roho ya mwanamke wa miaka ishirini na sita.