Shawa Inayorudi

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya uvumbuzi hapa Kisumu. Mbele yangu, jamaa aliyevaa tai aliweka kwenye kaunta kipande cha bomba chenye kichwa cha shawa, akabonyeza kitufe, na kichwa hicho kikamwangukia mkononi.

"Bila spana! Hakuna mtu duniani amewahi kufanya hivi."

"Kama ni kipya kweli, utapewa hataza," karani alisema, "na hakuna atakayeruhusiwa kukuiga."

Mama mmoja nyuma yangu akacheka mpaka akajishika kiuno. "Kipya? Baba, mimi nina gesti Asembo Bay. Wageni wangu hung'oa shawa bila spana kila wikendi. Juzi walikuja wa semina ya maadili, wakaenda na vichwa vyote, pamoja na sabuni."

Karani akaweka kalamu chini. "Umesikia, bwana. Kung'oa si kitu kipya. Chako kina nini zaidi?"

Jamaa akakisukuma kichwa kwenye bomba, kikashika, ka! "Changu kinarudi."

"Kinarudi?" Karani akaiokota kalamu.

Mpeni hataza yake upesi. Nimeona mali nyingi ya umma ikitoka katika nchi hii. Ya kurudi, ndiyo hiyo shawa peke yake.