Makofi Mwishoni mwa Simfoni

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Mbeya. Alipopata uhamisho hakulalamika. Alisema tu kwamba haondoki Sumbawanga kabla hatujarekodi simfoni aliyoipenda kuliko zote, nasi tukamwangalia kama mtu anayetaka kupika wali wa harusi kwenye sufuria ya chai.

Simfoni yenyewe ni ya karne ya kumi na tisa, iliandikwa kwa ajili ya watu wa kujaza ukumbi. Sisi tulijaza mabenchi machache. Pale palipotakiwa tarumbeta nne tulikuwa na moja, ya jamaa wa bendi ya parokia. Viola, ile fidla kubwa kidogo, nilipiga mimi, peke yangu. Kwenye okestra kubwa ukikosea unajificha nyuma ya wenzako; mimi nikikosea ilijulikana hadi Mpui.

"Tukiwa wachache kila sauti inasikika," Mwalimu alikuwa akisema, "ndiyo raha yake."

Raha yake yeye. Mimi nilikuwa nakosa usingizi.

Shida ilikuwa sehemu ya pili, ile ya polepole. Hatukuwahi kuifikisha mwisho bila kusimama. Na lazima turekodi asubuhi, maana upepo wa Ufipa ukishaamka, mabati ya ukumbi wa parokia yanacheza ngoma yao na maiki zinanasa hiyo tu. Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho. Mwalimu alishafunga mizigo.

Tukapiga, tukaharibu. Tukaanza upya, nikaharibu mimi. Nasema wazi, ingawa mpiga chelo naye aliingia kabla ya zamu yake na hakuna aliyemkodolea macho. Kisha, sijui tulipatwa na nini, ikaanza kwenda. Ikaenda tu. Noti ya mwisho ni ya fidla peke yake, nyembamba, inafifia kidogo kidogo. Ilipokwisha, Mwalimu alibaki na mikono juu, mtu asipumue, ili ukimya nao uingie kwenye rekodi.

Hapo mlango ukafunguliwa. Akaingia bibi mmoja, mama yake yule wa tarumbeta, kamletea mwanawe chakula. Akachuchumaa kidogo mlangoni, akatusalimu kwa desturi yetu, viganja vikikutana taratibu: pa, pa, pa.

Mfipa hafikirii hapo. Mkubwa akikupigia makofi ya salamu, unainama, unamrudishia. Pinde za fidla zikashuka magotini, nasi tukarudisha, pa, pa, pa, kwa adabu zote, mbele ya maiki zilizo wazi. Aliyebaki mikono juu ni Mwalimu, tena amempa bibi mgongo.

"Huyo anayenipa mgongo kamkasirikia nani?" bibi akaniuliza.

"Sisi sote, bibi."

Na kweli alikasirika. Miaka yote aliyokaa kwetu alitutania kwamba salamu zetu ni ndefu kuliko muziki, lakini siku hiyo hapakuwa na utani. "Tena," akasema. Tukashika pinde, na bati la kwanza likagonga juu ya vichwa vyetu. Upepo ulikuwa umefika. Nilimwonea huruma hadi machozi yakanilenga. Bibi akafunua ugali wa ulezi na maharage, tukala. Mwalimu naye alikula, na akaongeza.

Akaondoka na rekodi hivyohivyo. Majuzi kanipigia simu kutoka huko alikohamia, mji mkubwa ambako, anasema, jirani akishakwambia "mambo" basi salamu imekwisha. Nikamuuliza kama amempata kijana wa kuyakata yale makofi kwenye kompyuta.

"Nilimtafuta mwanzoni," akasema. "Hebu sikiliza."

Akaiweka simu karibu na spika. Nikaisikia fidla yetu ikififia, safi kabisa, mpaka ikaisha. Kimya. Kisha pa, pa, pa ya bibi, halafu pa, pa, pa yetu, na juu yake, karibu kabisa na simu, makofi ya mtu mmoja aliyechelewa kidogo.