Nyani Alivyofungua Begi la Mume Wangu

Mume wangu alipaita kisiwa. Si kisiwa. Ni ufuko mwembamba kaskazini mwa Kigoma mjini, ziwa mbele, milima nyuma, na haufikiki ila kwa boti. Lakini mwanamume wa Ujiji akishaona tangazo lenye picha ya machweo, nani atambishia? "Fungate ya pili, mama watoto," akaniambia. Fungate! Mtu ambaye kwa miaka kumi na sita hajanipeleka hata Simbo kula embe.

Nilikubali kwa sababu moja tu. Mtaa mzima ulikuwa unanong'ona kwamba ameoa Ilagala, anakokwenda kila wiki kununua dagaa. Kila nikimuuliza, anaapa na kuwahi msikitini. Nikajisemea, kule hana pa kuwahi wala rafiki wa kumsubiri barazani. Siku mbili hizo atanijibu kwa kinywa chake: ameoa, au hajaoa.

Tulipofika akanishangaza. Alikuwa mwenyeji kuliko wenye kambi. "Choo kiko kule, nyuma ya mchikichi. Usile nje. Mlango uufunge kwa komeo, nyani wa hapa hawana adabu." Nikacheka. Nikadhani kayasoma kwenye tangazo lake, maana ni mtu wa kusoma kitu mara tatu.

Sokwe tuliwaona siku ya pili, baada ya kupanda mlima asubuhi nzima, mimi na magoti yangu haya. Mwongozaji, baba mmoja wa makamo kutoka Kidahwe, akatuonyesha dume kubwa limejilaza chali, majike mawili yanalichambua manyoya.

"Huyu ndiye bwana wa hapa," akanong'ona.

Mume wangu akakohoa. "Ona wanavyoishi kwa amani, mke wangu. Majike hawana wivu kabisa."

"Majike hawamfulii kanzu," nikamjibu. Mwongozaji akajifanya anatafuta ndege mitini.

Tuliporudi kambini, mlango ulikuwa wazi. Yule mhubiri wa komeo alikuwa amesahau komeo. Mtume! Dume la nyani limekaa juu ya kitanda chetu, limetulia, begi la mume wangu katikati ya miguu. Chapati zangu lilishazimaliza, sasa linatoa nguo. Likatoa shati, likatoa kanzu, kisha mfuko wa dukani. Likauchana. Kikatoka kitenge cha Kongo, buluu yenye maua ya njano. Kizuri, siongopi. Halafu kikatoka cha pili. Kilekile.

Nikakaa kizingitini. Baba yangu alikuwa na wake wawili, na kila Idi alirudi na vitenge viwili vya sare, ua moja, urefu mmoja, asije akaulizwa na Mungu wala na wanawake jikoni. Ujiji kwetu hakuna mwenye mke mmoja anayenunua sare.

"Vyote vyako," akasema. "Kimoja cha kubadilisha."

"Kubadilisha buluu kwa buluu?"

Nyani hakusubiri jibu. Akatupita na kitenge kimoja, akakiburuza ufukweni, na mume wangu nyuma yake, kandambili mkononi, anapiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" Mimi hajawahi kunikimbilia hivyo. Nyani akapotelea mlimani. Mume wangu akarudi anahema, akakaa kwenye mchanga, akasema bila kuulizwa, "Ni mke wa halali. Tangu baada ya Idi ya mwaka jana."

Neno nililolifuata nikawa nimelipata, na nililia. Nililia kwa sauti, wala sikuona haya. Na kilichonichoma zaidi ni ule uadilifu wake. Ukweli ameshindwa kunipa mwaka mzima, lakini vitambaa kagawa sawasawa, hakuna aliyepunjwa!

Asubuhi tukiwa ndani ya boti, ndipo jambo likanijia. Mtu wa kugawa sawa namna hii. Choo nyuma ya mchikichi. Komeo.

"Na safari hii," nikamuuliza, "mwenzangu zamu yake lini?"

Akageukia maji. "Alitangulia kuja."

Nikachukua kitenge kilichobaki, nikamwekea mapajani. "Mpelekee. Changu amekivaa nyani." Kisha nikamgeukia nahodha. "Baba, mimi nishushe Ujiji. Huyu bwana anaendelea mpaka Ilagala."

"Mama watoto," akasema polepole, "leo bado ni zamu yako."

"Nimempa mwenzangu," nikamwambia. "Zote."